Dhoruba kwa Nusu Dakika: Picha za Vipindi kutoka Iguguno hadi Kibo

Taimulapsi ni ufundi wa kupiga picha mnato moja baada ya nyingine, kwa vipindi vilivyo sawa, kisha kuziunga ziwe filamu inayokimbiza muda. Kamera ikipiga picha moja kila baada ya sekunde 4, kwa saa moja itakuwa imepiga picha 900. Picha hizo zikichezwa kwa kasi ya picha 25 kwa sekunde, saa ile nzima huisha kwa sekunde 36. Wingu lililoonekana limetulia juu ya upeo wa macho, kumbe lilikuwa linafumka, linapanda, linatanda na kusogea. Mwendo huo ni wa polepole mno kwa jicho la mtu. Kamera huuongezea kasi mpaka jicho liuone.

Ufundi huu una umri unaokaribiana na wa sinema yenyewe. Georges Méliès wa Ufaransa hutajwa miongoni mwa watu wa kwanza kuujaribu, mjini Paris mwaka 1897. Mwaka 1910 Percy Smith wa Uingereza aliwaonyesha watazamaji maua yakichanua mbele ya macho yao. Nchini Japani, kuanzia miaka ya 1920, Masanao Abe alitumia kamera za picha na za sinema kuyafuatilia mawingu yanayouzunguka mlima Fuji, na kazi hiyo akaifanya kwa zaidi ya miaka 10. Nia yake ilikuwa kuujua mwendo wa hewa, ambayo haionekani, kwa kuyafuata mawingu, ambayo yanaonekana.

Dhoruba ya theluji nayo imekuwa na nafasi yake katika ufundi huu. Mwezi Desemba 2010 dhoruba kubwa iliipiga pwani ya mashariki ya Marekani. Mpigapicha mmoja wa Belmar, New Jersey, aliielekeza kamera kwenye ua na kuiacha ipige picha moja kila baada ya dakika 5. Saa 20 za dhoruba zikawa filamu ya sekunde 40. Ndani ya sekunde hizo, theluji inaonekana ikijilundika uani mpaka kimo cha karibu sentimita 80, na kila kilichokuwa hapo kinamezwa.

Iguguno hakuanguki theluji. Ni kata ya wilaya ya Mkalama, mkoa wa Singida, kando ya barabara kuu inayotoka Singida mjini kuelekea Nzega na Mwanza, katikati ya uwanda mkavu wa alizeti, mtama na miamba ya graniti. Hata hivyo dhoruba ya Iguguno na dhoruba ya theluji zina undugu wa karibu. Katika nchi za tropiki, hewa hufikia baridi ya kugandisha maji kwenye kimo cha karibu mita 5,000 juu ya usawa wa bahari. Wingu la radi linaloota alasiri huanzia chini ya kimo hicho, likapanda mpaka kilomita 12, 15 au zaidi. Sehemu yake ya juu kabisa ni chembe za barafu na theluji. Chembe hizo zinaposhuka na kukivuka kimo cha kuganda, huyeyuka, na shamba la alizeti hupokea matone makubwa ya mvua. Kilele cha Kibo cha mlima Kilimanjaro, chenye mita 5,895, kimechomoza juu ya kimo hicho. Ndiyo maana wingu linalowapa maji watu wa uwandani likifika Kibo huacha theluji.

Tofauti ya dhoruba hizi mbili, kwa mpigapicha, iko mahali pa kuelekeza lenzi. Theluji husimuliwa na ardhi. Chembe moja moja hazionekani zikishuka katika filamu ya namna hii, kwa kuwa hakuna chembe inayobaki hewani kuisubiri picha inayofuata; kinachoonekana ni lundo linalokua. Kwa hiyo lenzi huelekezwa chini, kwenye meza, uzio, gari, au kijiti chenye alama za sentimita. Mvua ya Iguguno husimuliwa na anga. Ikigusa ardhi hunywewa au hutiririka, na baada ya saa moja kilichobaki ni tope na madimbwi. Habari yake kubwa iko juu: jinsi wingu lilivyochipuka, upande lilikotokea, lilivyofanya giza, na pazia la mvua lilivyokatiza uwanda. Kwa sababu hiyo anga hupewa theluthi mbili za fremu au zaidi, na ardhi huachiwa sehemu iliyobaki.

Ardhi hiyo kidogo haipaswi kudharauliwa. Mtazamaji hatambui ukubwa wa wingu wala kasi yake kama hakuna kitu kilichosimama cha kulilinganisha nalo. Mwamba wa graniti, mbuyu, mnara wa simu au paa la bati lililo mbali vinatosha. Uwanda wa Singida unamsaidia sana mpigapicha, maana uko wazi na upeo wa macho uko mbali. Dhoruba huonekana ikinyesha vijiji vya mbali muda mrefu kabla ya kufika, au ikapita pembeni bila kufika kabisa.

Msimu nao una ratiba yake. Mikoa ya kati ina kipindi kimoja cha mvua kwa mwaka, ambacho Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hukiita mvua za msimu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Miezi mingine ni kiangazi. Siku nyingi za msimu huanza na asubuhi nyeupe. Jua huipasha ardhi joto, hewa iliyo juu ya ardhi hupanda, na kufikia saa sita mchana vipande vidogo vya mawingu hujitokeza. Kuanzia saa nane baadhi yake huwa vimeungana na kunenepa, na radi huanza kusikika. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na katika taimulapsi dalili hiyo ni nusu ya kazi. Kamera inayowashwa matone yakishaanza kudondoka imekosa mwanzo wa kisa. Inafaa iwe imeshafungwa na inapiga tangu mawingu yangali vipande.

Upande wa kuelekea huamuliwa na jua. Mwezi Desemba na Januari jua la Iguguno hupita kusini kidogo wakati wa adhuhuri, na kutua kusini-magharibi karibu saa moja jioni. Wingu lililoko mashariki hupigwa na jua la jioni usoni: huwa jeupe, kisha likageuka rangi ya dhahabu, na kila kishada chake huonekana. Wingu lililoko magharibi huwa na jua mgongoni, hivyo hutoka jeusi lenye ukingo unaong'aa, na jua lenyewe linaweza kuingia kwenye fremu na kuiharibu. Kabla ya kuamua, ni vizuri kuangalia kwa siku kadhaa dhoruba za wakati huo zinatokea upande gani.

Baada ya kuchagua mahali, kanuni kuu ya ufundi huu ni moja: kila kinachoweza kufungwa kifungwe, ili kinachobadilika kiwe hali ya hewa peke yake. Cha kwanza ni kamera yenyewe. Ikisogea hata kidogo kati ya picha na picha, filamu itatetemeka. Stendi ya miguu mitatu ndiyo inayotumika, na kwa Singida lazima iwe nzito. Upepo wa mkoa huo ni mkali kiasi kwamba kwa miaka mingi umetajwa katika mipango ya kuzalisha umeme, na upepo unaoitangulia dhoruba huzidi ule wa kawaida. Hewa iliyopozwa na mvua hushuka kwa kishindo kutoka winguni, ikatapakaa juu ya ardhi na kusukuma vumbi mbele yake. Mfuko wa mchanga au jiwe likining'inizwa katikati ya stendi, na miguu yake ikafupishwa na kutanuliwa, stendi hutulia. Simu ya mkononi inaweza kubanwa kwenye stendi hiyohiyo au kufungwa dirishani.

Cha pili ni mwanga. Kamera ikiachwa ijiamulie, itapima upya kila picha. Kipande cha wingu kikipita mbele ya jua itaongeza mwanga, kikiondoka itapunguza, na filamu itapepesa kama taa yenye umeme mbovu. Tiba yake ni kuweka kwa mkono tundu la lenzi, kasi ya shata na ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga), na kutovigusa tena bila sababu. Kwenye simu nyingi, kidole kikibonyezwa na kushikiliwa juu ya kioo, alama ya kufuli hutokea na mwanga pamoja na fokasi hubaki palepale. Rangi nazo zifungwe kwenye alama ya jua, vinginevyo kamera itaigeuza anga ya bluu kuwa kijivu na kuirudisha tena.

Katika kupima mwanga, theluji na wingu la mvua huidanganya kamera kwa njia zinazopingana. Kipimamwanga kimetengenezwa kikidhani kwamba mandhari yoyote, ikichanganywa pamoja, inatoa rangi ya kijivu cha wastani. Kikielekezwa kwenye theluji, huona weupe umezidi, kikapunguza mwanga, na theluji ikatoka ya kijivu. Mpigapicha wa theluji huongeza hatua 1 hadi 2 za mwanga, kila hatua ikiwa ni mara mbili ya iliyotangulia. Kikielekezwa kwenye wingu jeusi la Iguguno, huona giza limezidi, kikaongeza mwanga, na wingu la kutisha likatoka limepauka. Hapo hupunguzwa hatua moja hivi. Dhoruba inapokaribia, mwanga wa kweli hushuka kwa hatua kadhaa ndani ya nusu saa. Wapigapicha wengi huacha filamu iingie giza taratibu, maana giza hilo ni sehemu ya habari. Wanaotaka kuendelea mpaka usiku huongeza ISO kidogo kidogo, kisha huzilainisha hatua hizo kwenye kompyuta.

Cha tatu ni kipindi kati ya picha na picha, ambacho hufuata kasi ya kinachopigwa. Theluji inayolundikana huhitaji picha moja kila dakika 1 hadi 5. Wingu la radi linalokua hupendeza kwa sekunde 3 hadi 5. Ukuta wa vumbi unaokimbizwa na upepo huhitaji sekunde 1 au 2, kwa kuwa hupita ndani ya dakika chache. Korongo kavu linalojaa maji ya ghafla hufaa sekunde 2 hadi 5. Mche wa alizeti unaokua kwa wiki kadhaa huridhika na picha moja kila nusu saa ya mchana. Penye shaka, kipindi kifupi ndicho salama. Picha zikizidi, nusu yake inaweza kuachwa wakati wa kuunga. Zikipungua, wingu huonekana linaruka kutoka mahali hadi mahali, na hakuna programu inayorudisha sawasawa kilichotokea katikati. Baadhi ya simu huvirefusha vipindi zenyewe kadiri muda wa kupiga unavyozidi, hivyo mwenye kutaka vipindi sawa hutumia programu inayomruhusu kuviweka mwenyewe.

Radi inahitaji hesabu yake. Mchana, shata hufunguka kwa muda kama sehemu 1 ya 125 ya sekunde. Ikiwa picha hupigwa kila sekunde 4, kamera huwa imefumbua jicho kwa sehemu 1 tu ya 500 ya muda wote. Radi nyingi hupita ikiwa imefumba. Usiku mambo hubadilika. Shata huweza kuachwa wazi sekunde 8 katika kila sekunde 10, na hapo kamera huona asilimia 80 ya muda. Kwa hiyo filamu ya mchana huonyesha umbo na mwendo wa wingu, na ya usiku huonyesha miale ikiliangaza wingu kwa ndani.

Mvua ya mawe ndiyo inayoileta Iguguno karibu zaidi na theluji. Hutokea pale hewa inayopanda ndani ya wingu ina nguvu ya kuyarusha matone juu ya kimo cha kuganda na kuyashikilia huko. Chembe ya barafu hudaka matone baridi yanayoigandia tabaka juu ya tabaka, mpaka uzito wake uishinde hewa. Inapoanguka kwa wingi, ardhi huweza kuwa nyeupe kwa dakika kadhaa, kisha mawe yakayeyuka. Hapa mpigapicha hufuata kanuni ya theluji: lenzi ielekee chini, kwenye ua au kitalu cha mboga, kitu chenye kimo kinachojulikana kiwekwe ndani ya fremu, na kipindi kiwe sekunde 1 au 2, kwa sababu kisa chote hakifiki hata robo saa.

Ulinzi wa vifaa hutegemea mahali. Kwenye theluji adui ni baridi, kwani betri za lithiamu hupoteza sehemu kubwa ya nguvu joto likishuka chini ya nyuzi sifuri. Betri za akiba huwekwa ndani ya koti, karibu na mwili. Kamera ikitoka baridini na kuingia chumba chenye joto hutoa jasho, hivyo hufungwa kwanza ndani ya mfuko usiopitisha hewa mpaka ipate joto taratibu. Iguguno adui ni vumbi, jua na maji. Lenzi ikibadilishwa wakati wa upepo, punje moja ya vumbi huingia ndani na kukaa kama doa katika kila picha kati ya zile 900. Simu iliyoachwa juani huchemka na kujizima. Mfuko wa plastiki wenye tundu la lenzi huzuia matone, na kitambaa kikavu huwa mkononi. Umeme ukiwa wa shida, pawabenki iliyochajiwa kwa sola hutosha kwa alasiri nzima. Nafasi ya kuhifadhi nayo ipigiwe hesabu mapema: picha 900 zenye megabaiti 5 kila moja hujaza gigabaiti 4 na nusu.

Usalama wa mtu ni mkubwa kuliko wa kamera. Uwanda wazi unaompendeza mpigapicha ndio unaomfanya awe kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu naye, na stendi ya chuma haimsaidii. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde 3. Mwale ukionekana, sekunde zikahesabiwa mpaka ngurumo isikike, kisha zikagawanywa kwa 3, hupatikana umbali kwa kilomita. Hata hivyo radi huweza kupiga kilomita 10 kutoka penye mvua, hivyo ngurumo ikishasikika tu, mtu aingie ndani ya jengo imara au gari lililofungwa, na kamera iachwe iendelee yenyewe. Chini ya mbuyu au mti mwingine ulio peke yake si mahali pa kujificha. Kutoka nje kunafaa baada ya dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mwenye kupiga picha korongo asimame juu ya ukingo mgumu, kwa sababu maji huweza kufika yakitokea kwenye mvua iliyonyesha mbali, huku anga ya hapo alipo ikiwa nyeupe.

Kuunga picha ni kazi ya kompyuta au simu. Picha huhamishwa zote, zikapangwa kwa namba zake, zikarekebishwa kwa kipimo kimoja na kutolewa kama filamu ya picha 25 kwa sekunde. Kupepesa kulikobaki hupunguzwa na programu zinazolinganisha mwanga wa picha moja na ya jirani yake. Picha asili zinapaswa kuhifadhiwa, kwa kuwa kila moja ina saa yake, na hiyo ndiyo inayoifanya filamu kuwa ushahidi. Kutokana nayo inaweza kujulikana saa ngapi ukuta wa vumbi ulipita, mvua ilidumu dakika ngapi, na maji yalichukua muda gani kufika kwenye kalavati baada ya matone ya kwanza. Mkulima, mhandisi wa barabara na mwalimu wa jiografia wote wana haja na majibu hayo.

Ufundi huohuo, vipindi vyake vikirefushwa kutoka sekunde hadi miaka, ndio uliofichua hali ya barafu za Afrika Mashariki. Mwaka 1906 Vittorio Sella wa Italia alipiga picha barafu za milima ya Ruwenzori, na waliokwenda baadaye kupiga kutoka sehemu zilezile walikuta miamba mitupu palipokuwa na barafu. Kibo ilikuwa na takriban kilomita za mraba 12 za barafu mwaka 1912. Mwaka 2007 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts waliweka kituo cha hali ya hewa kinachojiendesha juu ya barafu ya kaskazini ya mlima huo. Vipimo vyake vimesaidia kueleza kwamba theluji ndiyo ngao ya barafu. Theluji mpya hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Mvua zikiwa haba, barafu iliyochakaa hubaki wazi, ikafyonza mwanga, na sehemu yake kubwa ikageuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji. Mwaka 2007 James Balog wa Marekani na wenzake walianza kuweka kamera za kujiendesha kwenye barafu za Greenland, Iceland na Alaska, zikipiga picha kila nusu saa wakati wa mchana, ili kuonyesha mwendo ambao mtu hawezi kukaa kuusubiri.

Kwa Iguguno, kazi ya namna hiyo haihitaji zaidi ya simu moja na mahali pamoja pasipobadilika. Kila filamu huandikiwa tarehe, saa ya kuanza na kuisha, kipindi kati ya picha, upande lenzi ilikoelekea, na alama ya mahali stendi iliposimama. Kumbukumbu za kipimamvua cha shule au kituo cha karibu huongezwa pembeni. Zikikusanywa za misimu kadhaa kutoka mahali hapohapo, filamu hizo huweza kulinganishwa: mvua za kwanza zilianza lini, dhoruba zilitokea upande gani zaidi, na korongo lilitanuka kiasi gani kati ya msimu mmoja na mwingine.